Albański, Kipa wa Lwów

Spirydion Albański alipozaliwa mjini Lwów mwaka 1907, Poland haikuwamo kwenye ramani. Majirani walikuwa wameigawana zaidi ya miaka 100 nyuma, na Lwów ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Nchi ilirudi mwaka 1918. Desemba 1921 timu yake ya taifa ikacheza mechi ya kwanza, ikafungwa 1–0 na Hungaria mjini Budapest.

Pogoń, klabu kubwa ya Lwów, ilitwaa ubingwa mara 4 kati ya 1922 na 1926. Miaka ya 1930, Albański akiwa langoni, iliambulia nafasi ya pili tu: 1932, 1933 na 1935. Lakini jezi ya taifa aliivaa mara 21.

Kilele chake kilikuwa Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936. Poland iliichapa Hungaria 3–0, kisha ikakutana na Uingereza. Gerard Wodarz alipiga matatu, na kufikia dakika ya 56 ilikuwa 5–1. Ungedhani kipa sasa apumue. Wapi! Waingereza wakarudisha moja, la pili, la tatu. Poland ikaponea chupuchupu, 5–4. Austria ikaizima nusu fainali kwa 3–1. Ikabaki medali ya shaba dhidi ya Norway, tarehe 13. Poland ilitangulia, ikapitwa, ikasawazisha 2–2. Dakika ya 84 Arne Brustad, aliyekwisha kufunga yote mawili ya Norway, akamfunga Albański la tatu.

Kombe la Dunia la 1938, kule Strasbourg, langoni alisimama Edward Madejski wa Kraków. Brazil iliishinda Poland 6–5 baada ya muda wa nyongeza, ingawa Ernest Wilimowski alifunga 4. Mechi hiyo inasimuliwa hadi leo, na jina la Madejski husafiri nayo. Naona Albański ameonewa: aliyefika nusu fainali hatajwi, aliyeokota mpira wavuni mara 6 anakumbukwa.

Septemba 1939 jeshi la Kisovieti liliingia Lwów, na Pogoń ikafutwa. Mwaka uliofuata familia nyingi za mashariki mwa Poland zilihamishiwa Siberia kwa nguvu. Baadhi, kupitia Iran, ziliishia kambi ya Tengeru, karibu na Arusha. Wajerumani wakaiteka Lwów 1941, Wasovieti wakarudi 1944. Vita vilipokwisha mpaka ulisogezwa, Lwów ikabaki upande wa pili. Leo ni Lviv, Ukraine. Wapoland wake walihamia magharibi, wengi wakaangukia Silesia. Albański alifia huko, Katowice, mwaka 1992.

Medali ya kwanza ya Poland katika soka la Olimpiki alikuwa ameishuhudia akiwa hai: dhahabu ya Munich, 1972. Kocha alikuwa Kazimierz Górski, naye mzaliwa wa Lwów.