Insulini nyumbani: je, uvute leo dozi za kesho?

Bibi yako ana kisukari na anachomwa insulini asubuhi na jioni. Macho yake hayaoni tena mistari ya bomba, lakini mkono wake bado una nguvu ya kujichoma. Wewe ndiye unayemvutia dawa. Sasa umepata kazi Dar es Salaam. Unatoka Janga alfajiri, unarudi usiku, na siku nyingine unalala huko huko. Wazo linakuja lenyewe: kwa nini usivute dozi zote Jumapili, uziweke kwenye friji, naye awe anachukua moja moja?

Makala haya yanakueleza lini jambo hilo linawezekana, lini ni hatari, na namna ya kulifanya kama hakuna njia nyingine.

Jibu kwa ufupi

- Njia iliyo bora ni kuvuta dozi wakati ule ule wa kuchoma.
- Kama hakuna namna, dozi za siku moja au mbili zinaweza kuvutwa mapema, kwa makubaliano na muuguzi au daktari anayemhudumia mgonjwa, na zikae kwenye friji.
- Kama nyumbani hakuna friji, usivute mapema. Acha insulini kwenye kichupa chake.
- Kama mgonjwa husahau mambo, usimwachie mabomba yaliyojazwa, hata kama friji ipo.

Kwa nini kichupa ni mahali salama zaidi

Insulini hupimwa kiwandani na kupewa tarehe ya mwisho ikiwa ndani ya kichupa chake cha kioo chenye kizibo cha mpira. Ndani yake kuna kemikali kidogo inayozuia vijidudu kukua. Ukiihamishia kwenye bomba la plastiki, mambo kadhaa hubadilika.

Kwanza, ndani ya bomba kuna mafuta membamba ya silikoni yanayosaidia mchi wa bomba uteleze. Insulini ikikaa nayo muda mrefu, hasa kwenye joto, inaweza kuanza kuganda vipande vidogo na kupoteza nguvu. Pili, kile kinga-vijidudu kinaweza kunywewa kidogo kidogo na plastiki. Tatu, dawa iliyo kwenye bomba ni kidogo sana, hivyo hupata joto haraka kuliko ile iliyojaa kichupani.

Kwa insulini ya rangi ya maziwa kuna jambo la nne. Ule weupe ni chembechembe za dawa, na chembe hizo hutuama. Bomba likilazwa sindano ikiangalia chini, chembe hukusanyika mdomoni mwa sindano na kuiziba. Mgonjwa anaweza kusukuma akapata maji tu mwanzoni, au asipate kitu.

Wataalamu wanasemaje kuhusu siku

Mwaka 2004, Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika katika mwongozo wake kwamba mabomba yaliyojazwa insulini yanaweza kukaa hadi siku 30 kwenye friji, yakisimamishwa huku sindano ikiangalia juu. Kwa hiyo kuvuta mapema si jambo la ajabu, na ukikutana na mtu anayefanya hivyo usidhani ni uzembe.

Lakini soma sharti lake: kwenye friji. Maana yake ni nyuzi joto 2 hadi 8, usiku na mchana, siku zote 30. Nyumba nyingi za Mlandizi, Janga au Kisarawe haziwezi kuahidi hilo. Umeme hukatika, LUKU huisha, na friji moja hufunguliwa mara nyingi kwa siku kwa ajili ya maji ya baridi.

Fanya hesabu hii. Bibi anachoma yuniti 20 asubuhi na 10 jioni, jumla 30 kwa siku. Umevuta mabomba 14 ya wiki nzima. Siku ya pili usiku umeme unakatika na haurudi hadi kesho yake jioni. Mabomba 10 yaliyobaki, yaani yuniti 150, sasa yana mashaka. Kama ungeacha dawa kichupani, isingepotea, kwa sababu kichupa kilichofunguliwa huweza kukaa nje ya friji, mahali pa ubaridi na kivuli, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Kwa insulini nyingi muda huo ni wiki 4 hivi. Ndiyo maana ushauri hapa ni siku moja au mbili tu, si wiki nzima.

Kama huna friji

Watu wengi huogopa kwamba bila friji insulini inaharibika siku hiyo hiyo. Sivyo. Katika hospitali ya Dagahaley, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba wanamoishi wagonjwa. Kisha wao na Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini maabara kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: insulini hiyo ilibaki na nguvu sawa na ile iliyokaa kwenye ubaridi.

Zingatia kwamba insulini hiyo ilikuwa kwenye chombo chake cha kiwandani. Usichukue habari hiyo njema ukaipeleka kwenye bomba ulilojaza mwenyewe.

Kwa hiyo, bila friji fanya hivi:

- Weka kichupa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati ukijaza mchanga uliolowa maji. Maji yanapokauka huondoa joto.
- Weka chungu hicho kivulini panapopita upepo. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, hivyo ubaridi wake utakuwa mdogo kuliko Dodoma, lakini ni afadhali kuliko juu ya kabati chini ya bati.
- Usiache insulini kwenye gari, dirishani au karibu na jiko.
- Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1000. Kwa yuniti 30 kwa siku, siku 28 zitatumia yuniti 840. Inauma kumwaga zilizobaki, lakini muda ukipita huwezi kujua nguvu iliyobaki.

Kabla ya kuvuta mapema, jaribu njia hizi

Nenda na mgonjwa kliniki na ueleze ukweli wa nyumbani kwenu: nani yupo, saa ngapi, na nani anaona vizuri. Iwe ni zahanati, Kituo cha Afya Mlandizi, Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi, muulize mhudumu maswali haya:

- Je, ratiba inaweza kubadilishwa ili achome saa ambazo wewe upo, kwa mfano kabla hujatoka na ukisharudi?
- Je, anaweza kupata kalamu ya insulini? Kalamu hulia "tik" kwa kila yuniti, na mtu mwenye macho hafifu anaweza kufundishwa kuhesabu.
- Je, kuna jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeweza kufundishwa kuvuta dozi?

Usibadilishe saa wala kiasi cha dozi kwa akili yako mwenyewe.

Dozi ambazo hazivutwi mapema

- Insulini ambayo kiasi chake hubadilika kulingana na chakula au kipimo cha sukari. Dozi ya kesho huijui leo.
- Mchanganyiko wa aina mbili za insulini, isipokuwa muuguzi amekuelekeza. Zipo ambazo hazichanganywi kabisa, mfano glajini.
- Dawa nyingine yoyote ya sindano, hasa ya unga unaochanganywa na maji. Kanuni za insulini si kanuni za dawa zote.

Ukikubaliwa, fanya hivi

1. Nawa mikono kwa sabuni, ukaushe. Fanya kazi mezani penye mwanga, bila haraka na bila watoto karibu.

2. Linganisha namba. Kichupa kikiandikwa 100 IU/ml, bomba nalo liwe la U-100. Bomba la U-40 kwa insulini ya 100 litampa mgonjwa dawa mara mbili na nusu ya anayostahili. Usitumie bomba la kawaida la mililita 2 au 5.

3. Insulini ya maziwa, viringisha kichupa kati ya viganja mpaka weupe uenee kote. Usikitikise. Ukiona mabonge, au chembe zilizoganda kwenye kioo, usiitumie. Insulini angavu iwe kama maji safi. Ikiwa na ukungu, imeharibika.

4. Futa kizibo kwa spiriti, acha kikauke. Tumia bomba jipya kwa kila dozi. Vuta, gonga bomba kwa kidole, toa mapovu ya hewa, kisha hakikisha tena mstari.

5. Rudisha kifuniko cha sindano kwa uangalifu. Bandika karatasi yenye siku, saa na idadi ya yuniti. Kwa asiyeona vizuri, funga lasitiki moja kwenye bomba la asubuhi na mbili kwenye la jioni.

6. Simamisha mabomba kwenye kikombe safi, sindano juu. Kikombe cha asubuhi kiwe kimoja na cha jioni kingine. Viweke katikati ya friji, si mlangoni, wala karibu na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda barafu hutupwa, hata kama imeyeyuka tena.

7. Vikombe viwe mbali na mikono ya watoto. Kama friji ni ya watu wengi, viweke kwenye boksi lenye kifuniko.

8. Wakati wa kuchoma, mgonjwa atoe bomba, aliache kidogo lipoteze ubaridi, kisha aliviringishe polepole kati ya viganja kabla ya kuchoma.

9. Bomba lililotumika liingie kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza. Kikijaa, kipeleke kituo cha afya. Usikitupe jalalani wala chooni.

Kuhesabu ili asichome mara mbili

Hatari kubwa kuliko zote za kuvuta mapema ni mgonjwa kuchoma mara mbili, au kuchoma dozi ya asubuhi jioni. Bibi ambaye dozi yake ya jioni ni yuniti 10 akichoma zile 20, sukari inaweza kushuka usiku wakati kila mtu amelala.

Acha nyumbani mabomba ya siku hizo tu, yasizidi hata moja. Ukirudi, hesabu. Kikombe kikiwa kitupu, amechoma. Kikiwa na bomba, hajachoma. Mkubaliane pia kwamba akiwa na shaka, asichome kabla ya kukupigia simu au kupima.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa kali, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kuongea ovyo. Kipimo chini ya 4 mmol/L kinathibitisha. Mpe vijiko vya chai 3 vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi. Baada ya dakika 15 pima tena, na urudie kama bado iko chini. Akipata nafuu ale chakula. Asipoweza kumeza au akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umpeleke hospitali mara moja.

Umeme ukikatika

Mabomba yaliyokaa joto la chumba siku nzima yaache. Vuta mapya kutoka kichupani. Lakini kama hayo ndiyo insulini pekee iliyopo, usimwache mgonjwa bila dawa. Kukosa insulini kabisa ni hatari kuliko insulini yenye mashaka, hasa kwa mwenye kisukari aina ya kwanza. Atumie dozi yake ya kawaida, apimwe sukari mara kwa mara, na siku hiyo hiyo mtafute dawa nyingine kituo cha afya.

Akipata kiu kali, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema haraka au pumzi yenye harufu kama ya matunda, hiyo ni dharura. Usisubiri kesho.

Kabla hujaondoka nyumbani

Jiulize maswali manne. Je, friji inafanya kazi, na LUKU inatosha? Je, bibi ameonyesha mbele ya muuguzi kwamba anaweza kujichoma mwenyewe? Je, kuna mtu wa karibu anayejua dalili za sukari kushuka na ana namba yako? Je, sukari ya kumpa iko mahali anapoifikia?

Jibu la swali lolote likiwa hapana, usimwachie mabomba yaliyojazwa. Mtafute mtu wa kumvutia dawa siku hiyo, na urudi kliniki mkapange upya.