Krismasi ya Nyumbani: Kutoka Jul ya Kaskazini hadi Meza ya Familia ya Kilutheri

1. Utangulizi

Kila mwaka majira ya Majilio yanapokaribia, swali moja hurudi katika sharika zetu: Je, Krismasi si sikukuu ya kipagani iliyovishwa kanzu ya Kikristo? Huulizwa na vijana wa kwaya, na wanafunzi wa kipaimara, na pengine na mzee wa Kanisa ambaye mwanawe amehamia kundi lisiloiadhimisha siku hiyo. Mara nyingi mchungaji hulijibu kwa haraka, ama kwa kukana kila kitu ama kwa kunyamaza. Majibu yote mawili hayamsaidii muulizaji.

Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hata hivyo hatutafuata historia ya ibada ya Krismasi kanisani, ambayo imekwisha kuandikwa na wengi. Tutafuata historia ya Krismasi ya nyumbani: moto, mkate, pombe, majani makavu sakafuni, mti, nyimbo za watoto na kiti cha yule asiyekuwapo. Hoja yetu ni kwamba mapokeo haya ya nyumbani hayakuamriwa na mtaguso wala sinodi yoyote. Yalikuwapo kwanza, ndipo Neno likaingia ndani yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza Mkristo si tu desturi yake ilitoka wapi, bali pia ni nani anayeitawala leo.

2. Tarehe na jina

Ushahidi wa kwanza ulio wazi wa kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba unapatikana Roma, katika kalenda iliyokusanywa mwaka 354 yenye orodha inayorejea mwaka 336. Kaisari Aurelian alikuwa amewekea wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa mwaka 274, na wanahistoria wengi wameona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Wengine wanaeleza kwamba Wakristo wa kale waliamini Bwana alichukuliwa mimba tarehe 25 Machi, nao wakahesabu miezi tisa mbele. Kanisa la Armenia limeendelea kuadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Bwana pamoja tarehe 6 Januari. Kwa vyovyote vile, Maandiko hayakututajia tarehe, na Kanisa halijawahi kuifanya tarehe kuwa sharti la wokovu.

Jina nalo lina historia yake. Neno letu Krismasi limetoka kwa Waingereza, na maana yake ni misa ya Kristo. Lakini Wadenmark, Wanorwei na Waswidi husema jul, na Wafini joulu. Hilo ni jina la sikukuu ya katikati ya majira ya baridi iliyokuwapo kabla ya Injili kufika kwao. Mtawa Beda, akiandika Uingereza mwaka 725 juu ya hesabu ya nyakati, anasema kwamba mababu zake waliiita miezi ya Desemba na Januari Giuli, na kwamba usiku ule ambao Wakristo wanauadhimisha wao waliuita usiku wa mama. Hivyo basi, Walutheri wengi wa Ulaya ya Kaskazini huitamka sikukuu ya Bwana kwa jina la kabla ya Ubatizo wao. Hakuna anayewashtaki kwamba wanaabudu miungu.

3. Jul inabatizwa

Mwandishi wa Iceland Snorri Sturluson, aliyeandika katika karne ya 13, anasimulia habari za Mfalme Hákon wa Norwei, aliyelelewa Uingereza katika jumba la Mfalme Athelstan na kurudi kwao akiwa Mkristo katika karne ya 10. Kwa mujibu wa Snorri, Hákon alitoa sheria kwamba jul ianze wakati uleule ambapo Wakristo wanaanza Krismasi. Kila mwenye nyumba awe na kipimo chake cha pombe, asiye nacho alipe faini. Na siku ziwe takatifu maadamu pombe ingalipo. Hapo kale wakulima walikuwa wakinywa kwa heshima ya miungu Njord na Frey ili wapate mwaka mwema na amani.

Baadaye sheria ya Gulathing, moja ya sheria za kale kabisa za Norwei, iliagiza kwamba pombe ya usiku wa Krismasi ibarikiwe kwa kumshukuru Kristo na Mtakatifu Maria, kwa ajili ya mwaka mwema na amani. Maneno ni yaleyale, na haja ya mkulima ni ileile. Kilichobadilika ni yule anayeombwa. Jambo hili halikufanyika jangwani wala katika nyumba ya watawa, bali mezani pa mkulima, mbele ya mke, watoto na watumishi wake.

Mwelekeo huu haukuwa mpya. Papa Gregori Mkuu, katika barua yake ya mwaka 601 iliyopelekwa kwa Mellitus aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, alishauri kwamba mahekalu yasibomolewe, bali sanamu tu ziondolewe. Nao watu waliozoea kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mashetani wachinje sasa kwa karamu ya kumshukuru Mungu. Gregori alijua kwamba moyo mgumu haukatwi wote kwa siku moja.

Desturi moja ya Skandinavia yafaa kutazamwa kwa makini na msomaji Mwafrika. Vijijini, katika usiku wa kuamkia Krismasi, majani makavu ya nafaka yalitandazwa sakafuni, na watu wote wa nyumba, bwana na mtumishi, walilala humo pamoja. Vitanda viliachwa wazi na chakula kikabaki mezani, kwa kuwa iliaminiwa kwamba waliokufa wa nyumba ile hurudi usiku huo. Kanisa halikuweza kuifuta desturi hii upesi. Lakini watu walifundishwa kuyaona majani yale kuwa ni majani ya hori. Alfajiri walitembea gizani na mienge kwenda kwenye ibada ambayo Waswidi huiita julotta. Hofu ya wafu ilipungua kidogo kidogo, lakini desturi ya kulala pamoja, mkubwa na mdogo, ilibaki kwa karne nyingi.

4. Njia mbili baada ya Matengenezo

Matengenezo ya Kanisa yalileta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufuta. Bunge la Scotland liliondoa mapumziko ya Yule mwaka 1640. Bunge la Uingereza likapiga marufuku sikukuu ya Krismasi mwaka 1647. Na koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi tano mwaka 1659, iliyoondolewa mwaka 1681. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa bidii, na hoja yao ilikuwa kwamba lisiloagizwa na Maandiko lisiwe na nafasi ibadani. Huko Scotland tarehe 25 Desemba ilirudi kuwa sikukuu ya taifa mwaka 1958 tu.

Njia ya pili ilikuwa ya Wittenberg. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 15, linafundisha kwamba taratibu za kibinadamu zinazoweza kushikwa pasipo dhambi, nazo zinaleta amani na utaratibu mwema, zishikwe. Ila dhamiri zisilemewe kana kwamba zinahitajika kwa wokovu. Kwa msingi huo Krismasi ilibaki. Tena ilipata makao mapya. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa ili mkuu wa nyumba aweze kuwafundisha watu wake kwa urahisi. Luther aliifanya nyumba kuwa mahali pa mahubiri. Wimbo wake Vom Himmel hoch, uliochapishwa mwaka 1535, aliuandika kuwa wimbo wa watoto wa Krismasi, ambamo malaika anatoa habari na mtoto anaijibu. Taratibu, katika nchi za Kilutheri, zawadi ambazo watoto walizoea kupewa siku ya Mtakatifu Nikolasi tarehe 6 Desemba zilihamia Krismasi, nazo zikasemwa zimeletwa na Mtoto Kristo mwenyewe.

Hapa hatuna budi kusahihisha jambo moja linalosimuliwa sana. Husemwa kwamba Luther ndiye aliyewasha mishumaa ya kwanza juu ya mti wa Krismasi. Hakuna ushahidi wa wakati wake. Luther alifariki mwaka 1546, na picha maarufu inayomwonyesha na familia yake kando ya mti wenye mishumaa ilichorwa na Carl August Schwerdgeburth mwaka 1843. Habari ya kuaminika zaidi ya miti iliyopambwa sebuleni inatoka Strasbourg mwaka 1605, ambapo watu walitundika maua ya karatasi, matofaa, kaki na sukari. Wala mti huo haukupokelewa na wanatheolojia kwa shangwe. Johann Konrad Dannhauer, profesa Mlutheri wa mji huohuo, aliuita upuuzi katikati ya karne ya 17, akashauri kwamba ingefaa zaidi watoto waelekezwe kwa mwerezi wa kiroho, yaani Kristo. Mti ulibaki. Lakini onyo la Dannhauer nalo libaki, kwa kuwa mti usio na Neno ni pambo tu.

5. Nyumba kwa wasio na nyumba

Mwaka 1806 Friedrich Schleiermacher alitoa kitabu kidogo kiitwacho Die Weihnachtsfeier. Hakikuwa mahubiri wala mafundisho ya imani kwa mpangilio wa vyuo. Ni mazungumzo ya familia na marafiki sebuleni usiku wa Krismasi, ambapo wanawake wanasimulia, wanaume wanabishana juu ya Kristo wa historia, na mtoto anaimba. Tunaweza kupingana na Kristolojia yake, lakini aliona vema kwamba theolojia hufanyika pia mezani.

Hata hivyo sebule ya mwenye mali ina hatari yake: hufunga mlango. Ndiyo maana tunamhitaji Johann Hinrich Wichern. Mwaka 1833 alianzisha karibu na Hamburg makao ya Rauhes Haus kwa watoto maskini na waliopotea. Mwaka 1839, kwa kuwa watoto walimuuliza kila siku Krismasi itafika lini, alichukua gurudumu la mkokoteni, akasimika juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili za Majilio. Taji la Majilio tunaloliweka leo karibu na madhabahu lilianzia hapo. Halikuzaliwa katika kanisa kuu, wala katika nyumba ya tajiri. Lilizaliwa miongoni mwa watoto waliokosa nyumba.

6. Mlimani kwetu

Misioni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wamisionari walikuja na Weihnachten yao, na katika miaka ya 1920, baada ya Wajerumani kufukuzwa kwa sababu ya vita, Wamarekani wa Sinodi ya Augustana wenye asili ya Uswidi walileta na harufu ya jul. Lakini mti na mishumaa havikuwa kiini cha Krismasi ya Mchaga. Kiini chake kimekuwa kurudi nyumbani. Bruno Gutmann, aliyetumika Kilimanjaro tangu mwaka 1902 hadi 1938, akikatizwa na miaka ya kufukuzwa, alisisitiza kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviumba Mungu. Wengi wamemkosoa, na kwa haki, kwa kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi. Lakini Desemba humtetea. Wana wa mlima walioenea mijini hupanda kwenda kihambani. Na treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporudishwa Desemba 2019, baada ya miaka ipatayo 25, ilirudi katika majira yaleyale ya watu kupanda.

Huko nyumbani mbuzi huchinjwa na nyama hugawanywa kwa heshima ya umri na nafasi ya kila mtu katika ukoo. Mbege hupikwa. Na hapo ndipo lilipo jaribu. Ndugu wanaokula nyama ile huenda hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Mjane huenda hakuitwa. Kijana aliyekosa kazi hubaki mjini kwa kuona haya kuja mikono mitupu. Mababu walikuwa na jani la sale, ambalo mkosaji alilipeleka kwa aliyemkosea ili kuomba msamaha, na halikukataliwa kwa wepesi. Je, jani hili ni la upagani? Historia tuliyoipitia inatupa jibu. Mnorwei aliendelea kuombea mwaka mwema na amani, lakini kwa jina la Kristo. Mswidi alitandaza majani yaleyale, akayaona kuwa hori. Mchaga anayemwendea ndugu yake na sale mkononi mkesha wa Krismasi, kwa sababu Bwana amemwagiza apatane na nduguye kabla ya kuleta sadaka yake (Mathayo 5:23-24), hajarudi nyuma. Sale limepata Bwana mpya.

7. Hitimisho

Kwa hiyo tumjibu kijana wetu hivi: ndiyo, vitu vingi vya Krismasi ya nyumbani ni vikongwe kuliko Ukristo wa watu walioviadhimisha, na Kanisa halina sababu ya kuona haya. Waliofuta sikukuu hawakufuta haja ya binadamu ya kuketi pamoja na kuomba amani. Lakini tusiishie kumtetea mbuzi na mti. Desturi isiyohubiriwa hurudi kwa bwana wake wa zamani, au hupata bwana mwingine aitwaye fahari.

Hapa ndipo kazi ya mchungaji inapoanza, na yapasa ianze mapema, katika Majilio. Amfundishe mkuu wa nyumba, awe baba au mama, kusoma Luka sura ya pili mbele ya jamaa yake kabla nyama haijagawanywa. Awatembelee waliogombana kabla ya mkesha, si baada ya mwaka mpya. Aulize katika kila jumuiya ni nani ambaye hatarudi mwaka huu, na kwa nini. Kisha atafute meza itakayompokea. Mtoto tunayemwadhimisha alikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Nyumba inayomwimbia na huku imemfungia ndugu nje bado haijaiona Krismasi.