Mafuta ya mabaki ya mazao: sheria ikilazimisha, kibanja cha Rubafu kinapata nini?

Serikali ikiagiza petroli ichanganywe na mafuta ya mimea, soko linazaliwa kwa sheria. Kampuni za mafuta lazima zinunue hata kama bei iko juu, na gharama humfikia anayejaza tanki, bodaboda akiwemo.

Mafuta ya kizazi kipya hayatokani na chakula. Hutengenezwa kwa mabua, makapi ya miwa, hata mashina ya migomba, ili gari lisigombanie mahindi na sufuria.

Kwenye karatasi inapendeza. Mwaka 2007 Marekani iliweka lengo la galoni bilioni 16 za mafuta ya aina hii kwa mwaka ifikapo 2022. Mwaka huo ulipofika, kiwango kilishushwa hadi galoni milioni 630. Kuvunja nyuzi ngumu za mimea hadi zitoe sukari ni kazi ghali, na sheria peke yake haijengi kiwanda.

Tanzania nayo ilishaonja. Ulaya ilipoelekea lengo lake la 2009, kwamba 10% ya nishati ya usafiri iwe jadidifu ifikapo 2020, wawekezaji walikimbilia mibono. Kisarawe, Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000. Kufikia 2011 mradi ulikuwa umeanguka na mamia ya watu wamepoteza ajira.

Sasa jirani ameanza: sheria ya Uganda ya 2020 inaruhusu kuchanganya hadi 20%, na kutoka Rubafu mpaka hauko mbali. Je, mkulima auze mashina ya migomba?

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kwenye kibanja cha Mhaya hakuna taka. Mkungu ukikatwa, shina hukatwakatwa na kulazwa chini ya migomba, majani hufunika udongo, maganda huliwa na mifugo kisha hurudi kama samadi. Mvua za Bukoba ni nyingi na huosha rutuba, kwa hiyo mabaki hayo ndiyo mbolea. Bei yoyote isiyozidi gharama ya mbolea mbadala ni hasara, hata kama pesa inaonekana mkononi. Halafu kuna mnyauko, ulioonekana Muleba 2006: kusafirisha mabaki ya migomba ni kuusambaza.

Mwenye nafasi ya kunufaika mapema ni kiwanda cha sukari, kama kile cha Missenyi. Makapi ya miwa tayari yamerundikana pale pale, hayahitaji lori wala mkulima wa kuyauza.