Msafiri na Wanyama katika Nyika ya Kitui

Katika karne ya kumi na tisa Wakamba walisifika kwa safari za biashara. Misafara yao ilitoka Kitui na kuvuka nyika hadi Mombasa, ikichukua pembe za ndovu. Nyika ile ilikuwa makao ya simba, vifaru na ndovu. Kwa hiyo watu walikwenda kwa makundi, na usiku walilala ndani ya boma la miiba, moto ukiwaka.

Hatari ya kutengana na wenzako ilidhihirika Agosti 1851. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alikuwa akielekea mto Tana pamoja na Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Kitui. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Bunduki alikuwa nayo, lakini kiu ilikaribia kumwua. Alipofika Tana alikunywa, kisha akaijaza mitutu ya bunduki maji na kuiziba kwa nyasi. Maji yale hayakudumu. Baadaye, katika kijito kilichokauka, akasikia kelele za kima. Alijua kwamba kima hawakai mbali na maji; akafuata kijito, akakuta shimo walilolichimba mchangani, akanywa, akapona. Katika upweke ule, kuzijua desturi za wanyama kulimfaa kuliko baruti.

Lakini si mnyama wa mwituni peke yake atupasaye kumjua. Mwaka 1912 kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, katika mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Miaka mia moja baadaye ugonjwa ulikuwa ungali unaua watu, na mpango wa taifa wa mwaka 2014 wa kuutokomeza ulianzia katika kaunti chache, Makueni, jirani ya Kitui, ikiwa mojawapo.

Basi, mwanafunzi apandaye vilima vya Kitui na aandamane na wenzake, arudi kabla ya magharibi, wala asimkaribie mnyama mwenye mtoto. Akikutana na mbwa asiye na mwenyewe, asikimbie wala asimchokoze. Asimame kimya, kisha arudi nyuma polepole. Akiumwa, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Asingoje dalili, kwa maana zikishatokea, ni nadra mno mgonjwa kupona.