Hukumu ya Wachezaji: Maoni ya Wacheza Bao kama Chanzo cha Historia, kwa Kurejelea Turwa na Mkoa wa Mara

Ikisiri

Insha hii inachunguza maoni ya wachezaji wa bao kama chanzo cha historia, ikianzia Turwa, katika wilaya ya Tarime mkoani Mara. Hoja yake kuu ni kwamba bao limedumu kwa sababu wachezaji wenyewe ndio waamuzi wa kanuni na ubora wake, na kwamba hukumu zao zimehifadhiwa zaidi katika istilahi za mchezo kuliko katika maandishi. Kuhamia kwa bao kwenye kompyuta na simu kunaiweka nafasi hiyo ya wachezaji katika majaribu.

1.0 Utangulizi

Historia ya michezo Afrika Mashariki imeandikwa kwa kutazama zaidi vifaa kuliko watu. Wasafiri na watawala walihesabu mashimo ya ubao, wakaeleza namna kete zinavyosambazwa, kisha wakanyamaza. Swali la wachezaji walionaje mchezo wao, upi waliuhesabu kuwa mgumu na upi wa watoto, halikupewa uzito. Hata hivyo, mchezo usio na mmiliki wala mchapishaji hauwezi kuendelea kwa karne nyingi bila watu wanaoupima na kuusahihisha kila siku.

Bao ni fumbo na pia ni mapigano. Ni fumbo kwa kuwa hakuna kete iliyofichwa wala bahati nasibu. Kila kitu kipo wazi mbele ya macho. Ni mapigano kwa kuwa lengo ni kuteka kete za mpinzani hadi safu yake ya ndani iwe tupu au akose pa kuchezea. Mchanganyiko huu si mgeni katika michezo ya video ya leo. Mwaka 2018 kampuni ndogo ya Subset Games ilitoa mchezo wa Into the Breach, ambamo mashambulizi ya adui huonyeshwa kabla hayajatekelezwa, nao wachezaji wengi waliujadili kama fumbo zaidi ya vita. Mvuto wa mchezo ambao kushindwa kwake hakuwezi kusingiziwa bahati ulikuwa umefahamika kwa wacheza bao muda mrefu kabla ya skrini.

2.0 Turwa katika Mpaka wa Familia Mbili za Michezo

Michezo ya aina ya bao imegawanyika katika familia mbili kuu za Afrika Mashariki. Kaskazini na mashariki mwa Mara kuna michezo ya safu mbili: ajua ya Wajaluo, enkeshui ya Wamaasai na giuthi ya Wakikuyu. Kusini na magharibi, kuzunguka Ziwa Viktoria, kuna michezo ya safu nne: isolo ya Wasukuma, omweso wa Waganda na igisoro ya Rwanda na Burundi. Bao la Kiswahili, lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, limo katika familia hii ya pili.

Eneo la Turwa limo mahali familia hizi zinapokaribiana. Wakurya, Wajaluo, Wasuba na jamii nyingine za Mara wamekutana humo katika ndoa, biashara ya mifugo na masoko. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliyochora mpaka hadi ufuko wa mashariki wa ziwa yaliwagawa Wakurya katika makoloni mawili. Lakini mpaka wa michezo haukuchorwa na wanadiplomasia. Ulitokana na watu kuamua, kizazi baada ya kizazi, mchezo upi ulistahili muda wao.

Ushahidi wa mawe hautoshi kueleza uamuzi huo. Katika Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alifanya uchimbaji mwaka 1937 na 1938, yako mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Jiwe huonyesha idadi ya mashimo. Halionyeshi kanuni, wala halionyeshi nani alimheshimu nani baada ya mchezo. Kwa mambo hayo mtafiti hana budi kurejea kwenye lugha.

3.0 Maoni Yaliyohifadhiwa katika Istilahi

Majina ya michezo yenyewe ni hukumu. Wachezaji wa Kiswahili hutofautisha bao la Kiswahili na bao la kujifunza. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili na mapigano huanza mara moja. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni: sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja katika hatua iitwayo namua. Kuuita mchezo wa kwanza “wa kujifunza” ni kusema kwamba ugumu wa kweli umo katika namua, pale mchezaji anapoijenga ngome yake huku akishambuliwa. Wasukuma nao wana isolo za ngazi mbalimbali, kuanzia za wanaoanza hadi ile ya watu wazima. Jamii mbili zisizotumia lugha moja zimeupanga mchezo kwa mizani ileile ya ugumu.

Istilahi za ndani ya mchezo zinakwenda mbali zaidi. Hatua inayofuata namua huitwa mtaji, neno la biashara. Jina hilo linaafikiana na kanuni inayolitofautisha bao na drafti au sataranji: kete zilizotekwa haziondolewi ubaoni, bali hupandwa upande wa mtekaji na kuwa nguvu yake. Anayeteka hapunguzi mali iliyopo duniani, huihamisha. Kwa mchezaji, kete nyingi zisizo na nafasi ya kuteka ni mali iliyolala, na kete chache zilizopangwa vema ni mtaji.

Vivyo hivyo, shimo la mraba huitwa nyumba. Kete zikiishia humo katika namua wakati wa kuteka, mwenyewe huchagua kulala au kusafiri. Akisafiri, nyumba hupoteza hadhi yake kwa muda wote uliobaki. Ushindi unaopatikana kabla kete za mkononi hazijaisha nao una jina lake, mkononi, kwa kuwa wachezaji hawakuuona kuwa sawa na ushindi wa kawaida. Lugha hii inapima ujasiri, tahadhari na aibu, na hakuna kanuni rasmi iliyoilazimisha.

Watafiti waliousikiliza upande huu walipata picha iliyo tofauti na ya watangulizi wao. Mwishoni mwa karne ya 19 Stewart Culin, Mmarekani, aliikusanya michezo hii chini ya jina moja la mancala. Karne moja baadaye Alex de Voogt, katika tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden, aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na kuchunguza namna wanavyohesabu hatua ndefu bila kugusa kete. Kwa Culin, bao lilikuwa kielelezo cha aina. Kwa de Voogt, lilikuwa taaluma yenye wataalamu, na vipimo vya utaalamu huo vilikuwa vya wachezaji wenyewe.

4.0 Hukumu za Nje ya Ubao

Maoni juu ya bao hayakutoka kwa wachezaji pekee. Mkoa wa Mara ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mapenzi yake kwa bao yalijulikana nchini kote. Kwa wachezaji, jambo hilo lilikuwa hoja: mchezo uliomkalisha Rais haukuweza kuitwa mchezo wa wajinga. Lakini serikali yake hiyohiyo ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi. Katika hali hiyo wanaume waliokaa kivulini mchana waliweza kuonekana kuwa wazembe, hata kama fikra zao zilikuwa kazini.

Mgongano huu haukuwa wa mchezo tu. Ulihusu nani ana haki ya kukaa. Mzee aliyemaliza ulezi wa familia alihesabiwa kuwa anapumzika. Kijana aliyekaa mbele ya ubao uleule alihesabiwa kuwa anapoteza muda. Hukumu ya kijamii iligawanywa kwa umri. Ndani ya mchezo, kinyume chake, umri haukumwokoa mtu: aliyekosa hesabu alishindwa mbele ya wote. Kwa jamii zenye taratibu za rika zilizo imara kama za Wakurya, kuwapo kwa uwanja ambamo mdogo aliweza kumshinda mkubwa bila kumvunjia heshima si jambo dogo.

5.0 Bao Lilipoingia kwenye Kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, akiwamo Jeroen Donkers, walishughulikia namna ya kuifundisha kompyuta kucheza bao. Wakati huo michezo mingine ya familia hii ilikuwa ikifumbuliwa kikamilifu. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walithibitisha kwamba awari, mchezo wa safu mbili, huishia sare pande zote zikicheza bila kosa. Bao lilikuwa na ugumu wa namna nyingine. Mojawapo ya matatizo ni kwamba usambazaji wa kete unaweza, kinadharia, kuzunguka bila kukoma. Mashine ni lazima iambiwe mapema la kufanya. Wachezaji walioketi pamoja hukubaliana.

Hapa ndipo suala la mamlaka linapojitokeza. Anayeandika programu hulazimika kuchagua kanuni moja na kuifunga. Akichagua ya Zanzibar, mtumiaji wa simu aliyeko Tarime au Mugumu hupokea mchezo wa pwani kana kwamba ndio bao pekee, na michezo ya kanda ya ziwa hubaki bila jina kwenye skrini. Programu hukataa hatua isiyoruhusiwa, lakini haielezi kwa nini. Haina mzee wa kubishana naye. Faida yake ni kwamba asiye na mwenzake hupata wa kucheza naye, na kijana hujifunza bila kuonekana mzembe. Hasara yake ni kwamba mchezaji hugeuka kutoka mwamuzi kuwa mtumiaji.

6.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba maoni ya wacheza bao ni sehemu ya muundo wa mchezo, si pambo lake. Yamo katika majina ya hatua, katika ngazi za ugumu na katika makubaliano yanayofanyika pale kanuni zinaponyamaza. Kwa eneo kama Turwa, lililo kati ya michezo ya safu mbili na ya safu nne, kazi ya mwanahistoria ni kukusanya istilahi na hoja za wachezaji wa kila lugha, pamoja na mabishano yao, kabla toleo moja la programu halijawa kipimo cha mengine yote. Ubao ukipotea, fundi atachonga mwingine. Sababu za kuiita hatua moja nzuri na nyingine ya kitoto zikipotea, hazitachongeka tena.