Chozi si mvumaji

Mwezi uliopita, hapa Mwiki upande wa Ruiru, nilimpiga picha ndege mdogo kwenye mti wa ploti ya jirani. Kifua chekundu, mdomo mrefu uliopinda, kichwa ndani ya ua. Nikaiposti: "Ndege-mvumaji wa mtaa wetu!"

Jirani yangu, mama wa Kilifi, alicheka. "Huyo ni chozi, mwanangu. Mvumaji umemtoa wapi?"

Nilimtoa kwa Wangari Maathai. Wengi wetu tulisikia hadithi aliyopenda kusimulia: msitu unaungua, wanyama wakubwa wameduwaa, tembo na mkonga wake wote, lakini ndege-mvumaji anabeba maji tone kwa tone. Wakimcheka, anajibu kwamba anafanya analoweza. Na Wangari aliiishi. Januari 1999, alipigwa na kuumizwa kichwani alipoenda kupanda miti Karura, msitu uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Leo Karura bado ipo.

Ila ndege wa hadithi hiyo si wetu. Wavumaji wako spishi zaidi ya 300, wote wa mabara ya Amerika, wengi kwenye misitu yenye joto na unyevu. Wananing'inia hewani wakinywa. Chozi kwa kawaida hutua kwanza. Hawana undugu wa karibu. Ni maua tu yaliyowapa wote wawili midomo mirefu.

Halafu kuna hii. Mwaka 2004, mwaka uleule Wangari alipopewa Nobel, mtaalamu Gerald Mayr alitangaza visukuku vya mvumaji wa miaka kama milioni 30 iliyopita. Vilitoka wapi? Ujerumani. Kumbe wavumaji waliwahi kuishi upande huu wa dunia, wakatoweka. Mayr akampa jina la Kilatini linalomaanisha "asiyetarajiwa".

Hapo ndipo niliacha kucheka. Ndege anaweza kuisha bara zima, abaki alama kwenye jiwe. Ruiru hii ilikuwa mashamba ya kahawa. Sa hii ni fleti juu ya fleti, na ploti ya jirani imeshapimwa.

Jumamosi nilimwendea mwenye ploti. Nikamwomba mti ubaki pale kwenye kona, ukuta uupishe. Hakukubali, hakukataa. "Tutaona fundi akikuja," akasema.

Nimekata vijiti vitatu vya ule mti, nimevipanda kwenye mitungi ya rangi iliyoisha. Kimoja kimechipua. Posti nayo nimeirekebisha: chozi.