Alfa Ni Mtoto wa Kizimba

Tuseme unaandika hadithi ya omegavasi na umeiweka Garsen: daraja, Mto Tana, miembe, vumbi la barabara ya Lamu. Nadhani mhusika wa kwanza kukujia kichwani ni alfa. Tunamjua huyo jamaa. Ana mabega mapana, na sauti yake ikishuka kila mtu anainamisha shingo. Kutawala hakujifunza, alizaliwa nako. Msimu wake ukifika hawezi kujizuia, kwa hivyo halaumiwi. Msomaji akiuliza kwa nini iwe hivyo, jibu liko tayari: si ndivyo wanyama walivyo?

Sivyo. Na walioanza kutuambia hivyo walikuwa wakitazama wanyama waliofungiwa.

Omegavasi yenyewe ni ya juzi tu, ilianza karibu mwaka 2010 kwa mashabiki wa kipindi cha Supernatural. Alfa ni mzee zaidi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti wake kuhusu mbwamwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, waliobanana ndani ya ua. David Mech, Mmarekani, akaieneza lugha hiyo katika kitabu chake cha 1970. Kisha kuanzia 1986 akawa anakwenda kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, kuwatazama mbwamwitu walio huru. Mwaka 1999 aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mtoto akikomaa anaondoka, anatafuta mwenzi, anaanzisha familia yake. Hakuna mapinduzi. Baba hakumpiga mtu yeyote ndio awe baba. Mech hata alimwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha zamani, lakini wapi, neno lilikuwa limeshatoroka.

Kabla yake kulikuwa na London. Mwaka 1925 bustani ya huko ilijenga kilima cha mawe na kukijaza nyani wa hamadryas, aina inayopatikana Pembe ya Afrika na Uarabuni. Madume walikuwa wengi, majike wachache mno, na hapakuwa na pa kukimbilia. Waliuana, na majike wengi walifia katikati ya ugomvi wa kuwagombania. Solly Zuckerman aliwaandikia kitabu mwaka 1932, na kwa miaka mingi watu walikisoma kama picha ya maisha ya nyani wote. Ni kama kwenda jela kusoma ndoa.

Huku kwetu hadithi ilikuwa nyingine. Shirley Strum alianza kufuata nyani karibu na Gilgil mwaka 1972. Aliona kwamba majike ndio wenyeji. Wanabaki walikozaliwa, na binti hurithi cheo cha mamake. Dume huja akiwa mgeni, na ukali peke yake haumfikishi mbali. Ilimbidi kukaa, kuzoeana na jike mmoja, kubembeleza mtoto wake, kungoja. Sisemi dume ni malaika. Ana meno na anayatumia. Ila meno hayatoshi, bana.

Sasa panda na mto kutoka Garsen ukielekea Hola, kwenye misitu ya Baomo na Mchelelo, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1976. Hapo anaishi mbega mwekundu wa Tana, asiyepatikana popote pengine duniani na aliye hatarini kutoweka. Clive Marsh aliwachunguza miaka ya 1970, na mwaka 1979 akaripoti kwamba majike huhama kundi moja kwenda jingine. Fikiria hilo kama mwandishi. Dume angurume apendavyo, jike ameshavuka tawi. Akitaka abaki, lazima awe wa kukaliwa naye.

Kwa hivyo kabla ya kuamua nguvu za alfa wako, mimi ningeuliza nani anaweza kuondoka, na kwa njia ipi. Tana swali hilo lina jina: malka, njia ya mifugo kupita kati ya mashamba hadi mtoni. Malka ikiwa wazi, mfugaji Morma na mkulima Mpokomo wana la kuzungumza, na wazee wa pande zote, matadeda kwa Waorma na gasa kwa Wapokomo, wana kazi. Malka ikizibwa wakati wa kiangazi, ng'ombe wako upande huu na maji upande ule. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia Januari 2013 waliokufa katika delta nzima walipita 100. Kuna watu walioliita hilo damu ya kivita, ati jamii hizi ndivyo zilivyoumbwa. Maneno hayo hayasemi lolote juu ya ardhi, maji, wala siasa za mwaka wa kuelekea uchaguzi.

Ndiyo maana hadithi ya makundi mawili Garsen, kila moja na alfa wake anayenguruma kwa sababu ya harufu, inanikosesha raha. Nipe ile ambayo sura ya kwanza inamwonyesha nani kaziba malka, na omega aliyekwisha kuhesabu mitumbwi iliyo ukingoni.